Boila inagonga, redieta zinapiga kelele: majibu ya maswali yenu

Baridi ikianza kushika, maswali ya wasomaji wetu walioko Ulaya na Marekani ya Kaskazini huwa ya aina moja: nyumba inapiga kelele usiku. Wengi mmekulia kwenye nyumba zisizo na redieta za kupasha vyumba joto wala boila ya kupashia maji yake moto, na sasa mnalala pembeni ya mabomba ya maji moto yanayogonga kama kuna mtu ukutani. Safari hii tumejibu manane, yakiwemo mawili ya nyumbani Afrika Mashariki.

Tuanze na jambo linalohusu maswali yote. Kelele hizi hufanana sana masikioni, na bomba husafirisha sauti mbali, kwa hiyo mahali unapoisikia sipo lazima inapotoka. Kinachozitofautisha ni saa. Chukua karatasi, siku mbili tu, uandike inagonga lini: boila inapowaka, maji yakishapata moto kabisa, boila inapozima, au mtu anapofunga koki jikoni. Fundi mwenye karatasi hiyo mkononi hana haja ya kubahatisha, na asiye nayo mara nyingi huanza kwa kukuuzia pampu.

Portland, Maine (Marekani): Habari zenu mafundi. Mimi ni mama wa watoto wawili. Kila alfajiri joto linapowaka, ukuta wa chumba cha watoto unagonga ko, ko, ko kwa dakika kama kumi, kisha kimya. Jioni tena. Mwenye nyumba anasema nyumba ni ya zamani, nizoee tu. Ni kweli?

Usizoee, mama. Hiyo ni shaba inayorefuka, na ina dawa.

Redieta zako, kwa maelezo uliyotupa, ni zile ndefu za chini ya ukuta: bomba la shaba lenye mapezi membamba ya alumini, likafunikwa kwa bati. Bomba la shaba la mita 10 likitoka digrii 15 za Selsiasi hadi 75 hurefuka kwa takriban milimita 10. Likiwa na nafasi, hurefuka kimya na hutajua. Likibanwa na mbao, linakwama, linajikusanyia nguvu, kisha linachomoka kidogo: ko! Linakwama tena, linachomoka tena. Mbao za sakafu ndizo zinazokuza sauti, kama ngozi ya ngoma. Dakika kumi zikipita bomba limemaliza kurefuka, ndiyo maana unapata kimya. Boila ikizima linarudi kwenye urefu wake, na kelele inarudi nalo.

Kuna sehemu tatu za kukagua, na ya kwanza ndiyo yenye makosa mengi kuliko zote: tundu ambamo bomba linapenya sakafu. Bomba linaloitwa la robo tatu ya inchi lina upana wa nje wa inchi 7/8, yaani milimita 22. Fundi mwenye haraka hutoboa tundu la inchi moja na bomba likainama kidogo likagusa mbao. Tundu zuri ni la inchi 1 na robo. Piga magoti, vuta bati la mbele, umulike kwa tochi pale shaba inapoingia sakafuni. Shaba ya zamani huwa ya kahawia iliyofifia. Ukiona kipande kinachong'aa kama sarafu mpya, hapo ndipo panaposuguana. Panua tundu kwa tupa ya mbao upande ule bomba linapoelekea kurefukia, kisha kata ukanda wa plastiki kutoka dumu la maziwa, uuviringishe kwenye bomba na kuusukuma tunduni. Plastiki ile inateleza na inastahimili joto hilo.

Sehemu ya pili ni vishikio vya bati vinavyobeba mapezi. Juu ya kila kishikio panapaswa kuwa na kipande cha plastiki cha kutelezea. Vikivunjika au vikianguka, alumini inakwaruza bati, na mlio wake ni tik-tik-tik nyembamba zaidi. Vipande hivyo ni vya bei ndogo kwenye maduka ya vifaa vya mabomba. Sehemu ya tatu ni kona ya mwisho wa redieta: kiwiko kikiwa kimegusa boriti au ukuta, bomba halina pa kwenda. Liachie angalau nusu inchi.

Kupata sehemu yenyewe, subiri boila iwake, weka ncha ya bisibisi ndefu kwenye bomba na mpini wake sikioni, usogee hatua kwa hatua. Usishike bomba kwa mkono. Maji mle yanaweza kufika digrii 80.

Ikiwa bomba limebanwa ndani ya ukuta na hamtaki kubomoa, punguza mshtuko wa joto. Usishushe themostati (kidhibiti cha joto la nyumba) usiku zaidi ya digrii 2 au 3 za Selsiasi, maana nyumba iliyopoa sana huifanya boila isukume maji ya moto mkali kwenye mabomba ya baridi. Boila nyingi za huko zimewekwa Farenhaiti 180. Jaribuni 160 mkaone kama nyumba bado inapata joto la kutosha. Lakini kama boila ni ya chuma cha kusubu, ya kizamani, maji yanayorudi yasiwe chini ya Farenhaiti 130 kwa muda mrefu. Chini ya hapo unyevu ulio ndani ya moshi hugeuka maji yenye asidi, ukaila boila na dohani. Dawa bora zaidi, kama mwenye nyumba yuko tayari kutoa pesa, ni kidhibiti chenye kihisio cha nje ya nyumba: siku isiyo na baridi kali kinatuma maji ya vuguvugu kwa muda mrefu, na bomba halishtuki. Kazi ya plastiki, lakini, ni ya saa chache tu. Mwambie hivyo.

Manchester (Uingereza): Boila yetu ya gesi ikiwaka asubuhi inatoa mlio mmoja mzito, BUU, hadi kabati linatikisika. Baadaye inaendelea vizuri. Tuendelee kuitumia tukisubiri nafasi ya fundi?

Hapana. Izimeni leo.

Mlio mmoja mzito boila inapowaka ni gesi iliyochelewa kushika moto. Gesi imetoka, cheche haijakaa sawa au vitundu vya kichomeo vimeziba kwa vumbi na kutu, gesi ikajikusanya kwa sekunde moja mbili, kisha yote ikashika kwa pamoja. Ni mlipuko mdogo ndani ya boila. Unaweza kulegeza mifuniko na bomba la moshi, na hapo gesi ya kaboni monoksidi ikaingia ndani ya nyumba. Haina harufu wala rangi.

Zima boila kwenye kidhibiti chake, usijaribu kuiwasha tena kuona kama imepona, na usifungue mfuniko wake. Kwa Uingereza kazi ya gesi hufanywa na fundi aliyesajiliwa Gas Safe, daftari rasmi la mafundi wa gesi, peke yake. Mwombe kitambulisho na utazame nyuma yake, pameandikwa aina za kazi anazoruhusiwa. Mkisikia harufu ya gesi, fungueni madirisha, msiguse swichi yoyote, tokeni nje na mpige 0800 111 999. King'ora cha kaboni monoksidi kama hamna, nunueni leo kabla ya kitu kingine chochote, maana maumivu ya kichwa na kichefuchefu kwa watu wote wa nyumba moja husingiziwa mafua.

Kwa wasomaji wenye boila za mafuta huko Marekani: mlio kama huo pamoja na masizi ni jambo lile lile, na jibu ni lile lile.

Columbus, Ohio (Marekani): Mimi ni mzee, nakaa chini ya ghorofa karibu na boila. Si bomba linalogonga, ni boila yenyewe. Inanguruma kama birika linalokaribia kuchemka, na wakati mwingine inapiga. Fundi mmoja ameniambia ninunue mpya. Geji ya presha inasoma 6.

Shikamoo mzee. Usinunue kwanza. Namba uliyotupa, 6, imetuambia mengi.

Boila ya maji haitakiwi kuchemsha. Ikinguruma, kuna sehemu ndani yake ambapo maji yanachemka kwa matone, mapovu ya mvuke yanapanda, yanakutana na maji yasiyo moto sana na kufa ghafla. Kila povu linapokufa maji hujigonga. Maelfu yakifa pamoja ndio huo mngurumo. Maji huchemka sehemu moja kwa sababu nne: presha ndogo, maji yanayopita polepole, ukoko wa chokaa au tope kwenye chuma, au hewa.

Presha kwanza. Maji yaliyo wazi huchemka digrii 100, lakini yakishinikizwa kwa psi 15 hivi (psi ni kipimo cha presha) hayachemki hadi yakaribie digrii 120. Kwa hiyo presha ndiyo inayoyazuia kuchemka penye joto kali. Kipimo sahihi hakikisiwi: chukua urefu kwa futi kutoka kwenye geji hadi redieta ya juu kabisa, zidisha kwa 0.433, ongeza 4. Nyumba ya ghorofa moja juu, futi 18, inatoa karibu 12, na ndiyo sababu valvu za kujaza huja kutoka kiwandani zikiwa zimewekwa psi 12. Boila ikiwa imepoa na geji inasoma 6, maji ya chumba cha juu hayana presha ya kutosha, na penye moto mkali yanachemka.

Sasa swali ni kwa nini imeshuka. Kagua mambo haya, mzee, au umwombe kijana wa nyumbani akusaidie.

Tazama bomba linaloshuka kutoka valvu ya usalama, ile inayofunguka psi 30. Chini yake kuna maji au doa jeupe la chokaa? Basi presha hupanda sana boila ikiwa moto, maji yanamwagika, na ikipoa presha inakuwa chini. Lawama hapo ni ya tanki la upanuzi, kile kichupa cha chuma kinachoning'inia bombani karibu na boila. Ndani kina ngozi ya mpira: upande mmoja maji, upande wa pili hewa. Chini kabisa kuna kifuniko cha plastiki, na ndani yake kipini kama cha tairi la baiskeli. Bonyeza kipini kidogo kwa ukucha. Ikitoka hewa, ngozi bado nzima. Yakitoka maji, imepasuka, tanki libadilishwe. Kama ni nzima, fundi apunguze presha ya maji hadi sifuri kwanza, ndipo apime hewa kwa geji ya tairi na kuijaza hadi psi 12. Ukiipima huku maji yanasukuma upande wa pili, utasoma presha ya maji na kudhani tanki liko sawa. Kosa hilo linafanywa hata na mafundi wenye leseni.

Kama sakafu ni kavu na tanki ni zima, tafuta mahali panapovuja au valvu ya kujaza iliyoziba. Na usiwe mtu wa kuongeza maji kila wiki. Maji mapya huleta hewa na chokaa: hewa hutia kutu, chokaa hufanya ukoko, na ukoko ndio unaonguruma.

Presha ikishakuwa 12 na mngurumo haujaisha, pima mwendo wa maji. Funga kipimajoto kwenye bomba la kutoka na kingine kwenye la kurudi. Tofauti ya Farenhaiti 20 hivi ni ya kawaida. Ikifika 40 na zaidi, maji hayapiti vya kutosha: pampu imechoka, valvu imefungwa nusu, au tope limeziba. Tope hujulikana kwa mkono: redieta iliyo moto juu na baridi chini katikati ina tope jeusi la kutu, iliyo baridi juu na moto chini ina hewa. Tope husafishwa kwa kusukuma maji kwa nguvu pamoja na dawa yake, kisha unaweka chujio la sumaku kwenye bomba la kurudi na dawa ya kuzuia kutu. Ukoko wa chokaa ndani ya boila huondolewa kwa asidi maalumu, na hiyo iwe kazi ya fundi.

Baada ya yote hayo ikiendelea kunguruma, hapo mazungumzo ya boila mpya yana msingi. Na hata hivyo, boila mpya juu ya tope la zamani itaanza kunguruma baada ya misimu michache.

Leicester (Uingereza): Redieta moja ya sebuleni inapiga tatatatata kama mashine ya kushonea, lakini si kila wakati. Inaanza chumba kikishapata joto.

Saa umeiandika vizuri: chumba kikishapata joto, yaani valvu ya redieta inapokuwa karibu kufunga. Ni ile yenye kichwa cha namba 1 hadi 5. Nyingi za zamani zimetengenezwa maji yaingie upande mmoja tu, chini ya kizibo. Ikifungwa kinyume, maji hukisukuma kizibo kifunge, shinikizo likipungua springi inakifungua, kinavutwa tena, na kadhalika mara nyingi kwa sekunde.

Ili kuhakikisha, fungua kichwa cha valvu kwa kuzungusha pete yake na ukiondoe wakati inapiga. Kipini kitapanda na valvu itafunguka kabisa. Ikinyamaza papo hapo, umempata mkosaji. Kisha redieta ikiwa imepoa, washa boila na uguse mabomba yake mawili: linalopata moto kwanza ndilo la kuingiza. Linganisha na mshale uliochorwa kwenye mwili wa valvu. Mshale mmoja unaokwenda kinyume, nunua valvu yenye mishale miwili. Hiyo haijali upande. Kabla ya kutumia pesa, tazama pia pampu: kama ina kasi 1, 2 na 3 na imewekwa 3, jaribu 2.

Toronto (Kanada): Joto likifika na themostati kukatika, tunasikia DU! moja tu kutoka chini, kila mara. Bomba halivuji.

Hiyo ni valvu ya umeme inayogawa maji kwa vyumba. Springi yake inafunga kwa kasi wakati maji bado yanakimbia, na maji yaliyosimamishwa ghafla hugonga. Tazama mshale kwenye mwili wake. Mara nyingi imefungwa kinyume na maji yanaubamiza mlango wake. Igeuzwe. Mshale ukiwa sawa, badilisha aina: zipo zenye mota inayofunga polepole, na kelele inaisha.

Chicago (Marekani): Tumepanga kwenye jengo la zamani la matofali. Redieta ni za chuma kizito na zina bomba moja tu kila moja. Zinagonga kama mtu anapiga nyundo, halafu zinapiga mluzi. Nimefunga valvu nusu ili kupunguza joto, kelele ikazidi.

Ndugu, hayo si maji moto, ni mvuke. Bomba moja na kile kichupa kidogo kinachopiga mluzi ubavuni ni dalili tosha. Mvuke una sheria zake, na ushauri wa redieta za maji ukiutumia hapa unaharibu.

Kwenye bomba hilo moja mvuke unapanda na maji yake yanashuka, kwa wakati mmoja. Ukifunga valvu nusu, njia inakuwa nyembamba, maji yanashindwa kushuka na yanatuama. Mvuke unaofuata unayaokota na kuyarusha hadi kwenye kona ya chuma. Pia mvuke ukigusa maji yaliyopoa hufa ghafla: lita 1 ya maji huwa zaidi ya lita 1,600 za mvuke, kwa hiyo unapogeuka maji huacha pengo tupu, na maji ya pande zote huruka kulijaza. Pigo hilo linaweza kulegeza viungo vya bomba, si kelele tu.

Kwa hiyo valvu iwe wazi kabisa au imefungwa kabisa. Hakuna katikati. Kupunguza joto, badilisha kile kichupa cha hewa uweke chenye kurekebishika, ama chenye themostati yake. Boila iwe imezima na redieta imepoa, maana ukikifungua kikiwa na mvuke utaungua vibaya.

Kisha weka pimamaji juu ya redieta. Inatakiwa kuinama kidogo kuelekea valvu, ili maji yarudi. Sakafu za zamani hubonyea na redieta hulala upande usiofaa. Inua miguu ya upande wa mbali kwa ubao wa kunyanyulia na usukume kabari ya plastiki ya robo inchi chini yake. Usizidishe, ukavuta bomba.

Mengine ni ya mwenye nyumba: mabomba yaliyolegea chini na kubonyea, usawa wa maji kwenye kioo cha boila, na presha. Boila ya mvuke ya nyumba haihitaji zaidi ya psi 2. Wengi huipandisha wakidhani itapasha haraka, wakapata nyundo na mafuta mengi kuchomwa. Na kwa kuwa umefunga valvu kwa joto jingi, si dogo, hili ni kwa majirani zako: kanuni za jiji la Chicago zinamtaka mwenye nyumba anayetoa joto awape wapangaji Farenhaiti 68 mchana na 66 usiku, kuanzia Septemba 15 hadi Juni 1.

Nairobi: Hita yetu ya umeme ya lita 50 inapasuka-pasuka kama bisi zikikaangwa. Tunatumia maji ya kisima cha kuchimbwa. Pia valvu yake inadondosha maji, jirani kanishauri niizibe.

Usiizibe kamwe. Lita 50 za maji zikitoka digrii 20 hadi 60 huongezeka kwa karibu robo tatu ya lita, na kama njia ya kuingilia ina valvu ya kuzuia maji kurudi, hayo hayana pa kutokea isipokuwa hapo. Kudondosha kidogo wakati inapasha ni kazi yake. Ikidondosha usiku kucha hita ikiwa imezimwa, presha ya pampu yako imezidi au kizibo kimeshika uchafu. Inua kishikio chake mara mbili tatu kijisafishe.

Bisi ni ukoko wa chokaa juu ya elementi, ile koili ya umeme inayopasha maji. Maji hunasa chini ya ukoko, yanachemka na kuupasua. Zima swichi kuu, si ile ya ukutani peke yake, subiri ipoe, funga maji ya kuingia, fungua koki ya maji moto bafuni, uitoe maji yote. Chomoa elementi na uiloweke kwenye siki nyeupe usiku mzima. Ukoko uliobaki ugonge taratibu kwa mti, si kwa chuma. Kokota mchanga na magamba yaliyolala chini ya tanki. Tazama fimbo ya magnesiamu: ikibaki waya tu, weka mpya, maana yenyewe ndiyo inayoliwa badala ya tanki. Weka mpira mpya wa kuzibia, jaza hadi maji yatoke bafuni bila kukatika, ndipo uwashe. Elementi ikiwaka bila maji inaungua mara moja. Weka digrii 60: ukienda 75 chokaa hushika upesi zaidi, na ukishuka sana chini ya 60 bakteria wa maji huzaliana.

Arusha: Hita ya jua ya mirija ya kioo. Maji yalikatika siku mbili. Yaliporudi saa saba mchana paa lililia kwa kishindo na mirija mitatu ikapasuka. Je, ilikuwa mbovu?

Haikuwa mbovu. Mirija mikavu kwenye jua la mchana hupita kwa mbali joto la maji yanayochemka, na maji ya baridi yakiigusa kioo hupasuka. Yale yaliyogeuka mvuke papo hapo ndiyo yaliyotoa kishindo.

Wekeni koki kwenye bomba la kujaza, mahali inapofikika bila ngazi. Maji yakikatika, ifungeni mara moja. Yakirudi, jazeni kabla ya jua kuchomoza au saa tatu nne baada ya kuzama, mirija ikiwa imepoa kabisa. Kama hamwezi kusubiri, funikeni mirija kwa turubai tangu alfajiri. Mnapobadilisha mitatu hiyo, pakeni maji ya sabuni kwenye mipira ya kuzibia na mzungushe mrija huku mkiusukuma, na mkiwa juu hapo tazameni tundu la hewa la tanki: nyigu hupenda kujenga humo, na tanki la aina hii likizibwa hewa hujikunja kama kopo.